Amefuata Mizigo Stesheni

Wasomi wa rika langu wakiulizwa walikutana vipi na filamu waipendayo, hutaja chuo, ukumbi wenye viti vya kukunja, mhadhiri mwenye miwani. Nami nilidanganya hivyo kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba yangu niliikuta Kibondo, kwenye banda la video lililoezekwa turubai la msaada, siku niliyotumwa maji. Mama aliikuta alipokuja kunichapa.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Mama alisimama mlangoni na fimbo ya mkaratusi, akitafuta kichwa changu kati ya vichwa. Kando ya televisheni alikaa mtafsiri, mtu aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Kazi yake ilikuwa kusema juu ya sauti za Wazungu, kwa Kiswahili, na penye uchungu kwa Kiha.

"Mama mwenye fimbo," alisema kwenye kipaza sauti, "kaa chini. Huyu bwana ametoka vitani, anarudi kwa mkewe. Ukimchapa mtu sasa utamchelewesha njiani."

Watu wakaangua kicheko. Mama akakaa.

Ilikuwa filamu ya kale, isiyo na rangi. Mwaka uliotangulia baba alikuwa amevuka mpaka wa Burundi pale Mabamba kwenda kuuza maharage, mapigano yakazuka ng'ambo, hakurudi. Banda zima lilijua hilo. Kwa hiyo bwana yule alipofika kwenye nyumba mwishoni, mwanamke akampa maji, akanywa, kisha akaondoka peke yake kwenye barabara ndefu, watu waliguna na kumgeukia mama. Mtafsiri naye akamtazama.

"Msilie!" alisema haraka. "Huyo ndiye mkewe. Jamaa amefuata mizigo stesheni, anarudi sasa hivi."

Tangu siku hiyo mama hakuwahi kufunga mlango kwa komeo.

Chuoni niliiona tena, safari hii ikiwa na maandishi chini. Yule mwanamke ni mgeni, mke alishahama, na hakuna mizigo yoyote. Nikaandika insha kuhusu upotoshaji wa tafsiri, yenye tanbihi nyingi kuliko hoja. Nilipata alama nzuri. Mama sikumwambia kitu.

Mwaka huu mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili. Mimi nafundisha Kasulu, na daktari wa huku alisema apasuliwe, kisha akae karibu kwa uangalizi. Mama akakataa kuondoka Kibondo.

"Na akija akakuta komeo?"

"Mama, ni miaka mingi."

"Yule wa kwenye video alikuta mlango wazi."

Ndipo nikapata wazo ambalo mtu asiyesoma asingelipata. Niliitafuta filamu mtandaoni, nikaipeleka kijijini kwenye kompyuta, nikamwambia nitamtafsiria mwenyewe. Alifurahi, akavaa kitenge cha kanisani. Mchana ule tulikaa sebuleni, yeye akiona vivuli, mimi nikisema kwa Kiha changu cha likizo.

"Unakimbia," alilalamika. "Yule wa banda alikuwa anapumzika jamaa akipanda mlima."

Tulifika penye maji. Nilisema kila kitu kama kilivyo. Mwanamke si mke. Jamaa ameshukuru, anaondoka. Harudi.

"Na mizigo?"

"Hana mizigo, mama. Hakuwahi kuwa nayo."

Alisikiliza muziki mpaka ukaisha. "Umesoma sana, mwanangu," akasema, "lakini kutafsiri hujui." Akainuka, akapapasa ukuta hadi jikoni, akaenda kusonga ugali. Ulikuwa na madonge, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye sufuria ya mama.

Asubuhi nilimkuta amekaa nje na mfuko wake wa nguo. Alikuwa amemwita jirani autie mlango komeo.

"Twende ukanitibie haya macho," alisema. "Video ile nitaitazama mwenyewe."

Kwa hiyo nilishinda. Jicho moja limepasuliwa, na daktari anaridhika nalo. Kwangu Kasulu mama huhesabu bodaboda zinazopita kwenda Heru Juu, na hunionyesha mvi zangu kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. Juzi aliiulizia kompyuta.

"Imeharibika," nikasema. Ilikuwa ndani ya kabati, imejaa chaji.

"Fundi anasemaje?"

"Anasubiri kifaa kutoka Kigoma."

"Kitakuja lini?"

"Wakati wowote, mama. Kiko njiani."

Alinitazama kwa lile jicho jipya, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, akavuta kigoda karibu na mlango, akakaa.