Walter Codd, Mbebaji wa Majeruhi

Walter Codd alizaliwa Wexford, kwetu Waairishi, mtoto wa muuza ngozi, na tangu utotoni alipenda kusifiwa kuliko kula. Mwaka 1798, wanaume wa kwetu walipowainukia Waingereza kwa mikuki, naye alishika wake. Katika mapigano ya New Ross alipigwa risasi ya paja, akalia kushinda mizinga. Mume wangu, Laurence Sinnott, alimtupa begani akamtoa mjini huku nyumba zikiwaka.

Tuliposhindwa tukakimbilia Ufaransa. Huko Codd alivaa sare ya kijani ya kikosi cha Waairishi katika jeshi la Ufaransa, akapata uluteni, kitambi na mke mwenye duka la mikate. Vita alivipitia akilinda ghala la viatu. Sisemi kwa chuki. Viatu navyo vinahitaji mlinzi.

Mume wangu alipouawa vitani Uhispania, hadithi ya New Ross ikageuka. Kwenye karamu ya Mtakatifu Patriki, hapa Morlaix, nilimsikia kwa masikio yangu:

"Sinnott nilimbeba kama gunia la viazi! Analia, 'Walter, usiniache!'"

Meza nzima ikamtazama mwanangu Garret kwa huruma. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia kikosini, na jina la baba yake ndilo urithi wake wote. Nikasimama.

"Luteni, mume wangu alikuwa mzito?"

"Ah, shemeji! Ng'ombe mzima!"

"Garret ni mwembamba kuliko baba yake. Hebu mbebe mpaka mlangoni."

"Shemeji, mguu wangu huu..."

"Wenye risasi ya New Ross? Siku ile ulimbebaje, na jeraha bado linavuja?"

"Mbebe, Walter!" wenzake wakapiga meza. "Au tukuletee punda?"

Akainama. Garret akampanda mgongoni. Hatua ya pili wakaenda chini wote, na sinia la kabichi juu yao. Watu wakacheka hadi machozi. Kanali mstaafu, Mzee Esmonde, hakucheka.

"Codd, nani alimbeba nani?"

"Yeye... alinibeba."

"Hatusikii!"

"Sinnott ndiye alinibeba mimi!"

Tukanywa kwa jina la mume wangu. Codd alinywa akiwa bado sakafuni.

Alipofariki, kwa homa, kitandani, mkewe alitaka kaburi liandikwe "Shujaa wa New Ross". Nilimwambia "Luteni" inatosha. Hilo angalau lina mashahidi.