Baba Hajafika

Kipindi cha Kiingereza nilikiogopa kuliko mamba. Mamba angalau hakuiti jina ukasimame mbele za watu.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Mwanza, tukikaa Mkuyuni, na kipindi hicho kilikuwa cha kwanza kila asubuhi, uji ukiwa bado unacheza tumboni. Mwalimu alianza na maneno mapya. Aliyaandika upande wa kushoto wa ubao kwa mwandiko mzuri wa kuudhi, akaita jina, nawe ukasimama, ukalitamka neno na kulitungia sentensi. Ukikosea unabaki umesimama mpaka apatikane mwenzako wa kukosea. Baada ya hapo sarufi, na mwisho riwaya, watatu tukichungulia kitabu kimoja, tukisoma kwa zamu kwa sauti. Mwaka ule tulisoma habari za mjane mmoja aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Nilimpenda yule mjane, lakini kila ukurasa ulipofunuliwa nilikuwa nahesabu vichwa kujua zamu yangu iko wapi. Kiswahili humo ndani kilikuwa marufuku. Ukiteleza neno moja tu, unatoka nje kusimama juani.

Tatizo langu lilikuwa r. Sisi ni Wasukuma, na ulimi wetu na herufi hiyo haupatani. Nyumbani barabara ni balabala na hakuna anayekufa. Kwenye Kiingereza mambo yalikuwa mengine. Siku moja nilitaka kusema kwamba Jumapili kwetu tunakula wali, nikasema tunakula chawa, kwa sababu wali ni rice na chawa ni lice, na mimi kinywani mwangu kulikuwa na chawa tu. Wiki nzima darasa lilijikuna kichwa kila nilipopita. Tangu hapo nikawa kimya. Nikiulizwa, nilijibu kwa kichwa, na kichwa kisipotosha nilipiga chafya.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamama aliyehamia kutoka mkoa wa mbali, miezi michache tu tangu afike, na masikio yake yalikuwa hayajazoea l zetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkali, na kwangu wakati ule mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Baada ya mtihani wa kusoma kwa sauti, alituambia sisi tulioshindwa kwamba Alhamisi kila mmoja aje na mzazi, na kwa upande wangu alitaka baba, kwa vile mama alikwisha kuitwa mara ya kwanza.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Jumapili alikuwa amevuka kivuko cha Kigongo kwenda minada ya Sengerema, akaahidi kurudi Jumatano. Jumatano ikapita. Simu yake ikawa haipatikani, jambo la kawaida kwake, maana huko aliichaji akikumbuka. Alhamisi asubuhi mama akaniambia, "Mwambie mwalimu baba yako hajafika. Akifika tu atakuja."

Njia nzima nilikuwa naitengeneza ile sentensi. Kiingereza cha kufika nilikijua, tulikuwa tumekisoma: arrive. Ile "haja-" ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa Kiingereza chake tulikuwa hatujakifikia au tulikifikia siku niliyokuwa nimeziba masikio. Nikaamua kuweka is not, ambayo haikuwahi kuniangusha. Nikaikariri mpaka lango la shule.

Mwalimu akaita jina langu. Akauliza kwa Kiingereza baba yangu yuko wapi. Nikasimama, nikasema, "My father is not arrive." Hivyo ndivyo nilivyokusudia. Kilichotoka mdomoni ni "alive." Nilikuwa nimesema baba yangu si hai.

Hakuna aliyejikuna kichwa. Nilidhani nimepatia.

Mwalimu akauliza tangu lini, nikamwambia tangu Jumapili. Akauliza wapi, nikasema Sengerema. Nilijiona nachapa Kiingereza kuliko siku zote. Kisha akavua miwani, akaja mpaka kwenye dawati langu, akanikumbatia, akasema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe aliyekipiga marufuku, "Pole sana mwanangu. Mungu amlaze mahali pema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitaka kusema hapana, lakini uso wangu ulikuwa umebanwa begani kwake, na nyuma yangu nilisikia msichana mmoja ameanza kulia. Mwalimu akaifunga riwaya. Sura ya siku hiyo ilikuwa ya maziko ya mume wa yule mjane, na akasema hatutaisoma. Jirani yangu wa dawati, binti wa Buzuruga ambaye Kiingereza kwake kilikuwa kama maji ya kunywa, akaninong'oneza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, na la kucheka kwao lilikuwa dogo. Kwetu mtoto hamtamkii mzazi kifo. Ni uchuro. Bibi yangu alikuwa akisema neno baya ukishalitoa linatafuta njia yake lenyewe, na baba yangu wakati huo alikuwa ng'ambo ya maji, hajafika, simu haipatikani. Nililitoa mbele ya darasa zima, tena kwa sauti, mimi nisiyewahi kusema kwa sauti.

Saa ya mapumziko nilikwenda ofisi ya walimu kusahihisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiswahili kabisa, liwalo na liwe. Nikapiga hodi, na walimu wote waliokuwa mle wakasimama. Wakasema pole mmoja baada ya mwingine, hata yule wa hesabu ambaye hakuwahi kujua jina langu. Nikasema, "Asante." Nikageuka nikakimbia, nikijua kwamba kuipokea ile pole ni kumzika baba mara ya pili.

Jioni mama alikuwa amekaa na simu mapajani. "Baba yako hapatikani bado," akasema. Niliisukuma sahani ya ugali. Alidhani ninaumwa, akanipapasa shingo.

Ijumaa, kipindi kilipokwisha, mwalimu akatangaza kwamba mchana darasa letu litakwenda kwetu kuhani msiba. Nikasema "No, madam," neno ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Akanishika mkono akasema nisijali, hawatakaa sana.

Nikawaongoza mimi. Wangeongozwa na nani? Niliwapitisha upande wa mbali wa soko, nikawazungusha kwenye mafundi wa vitanda, nikawarudisha kwa wauza ndizi, nikiomba wachoke au mvua inyeshe. Jua likawaka kama limetumwa. Mwalimu alikuwa amejitanda khanga kichwani, na wenzangu walimfuata kimyakimya kwa mstari, wameinamisha nyuso. Nilipita mlango wetu kana kwamba siufahamu. Jirani yetu muuza mkaa akapaza sauti, "We binti, mbona unapita kwenu?"

Basi, tukaingia.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anakata vitunguu. Aliinua macho akauona ule mstari, akaiona khanga ya mwalimu. Kwetu watu hawaingii uani kwa namna ile ila kwa jambo moja. Kisu kikamtoka mkononi kabla hata hajaamkiwa.

"Pole sana mama," mwalimu akasema. "Tumepata habari za mzee."

"Habali gani?"

"Za msiba, mama. Tumekuja kuwapa pole."

Mama alikuwa amelala bila usingizi, akipiga namba isiyojibu, na sasa watu wa serikali wamemletea jibu. Alijitupa chini. "Mayu wane!" akalia, kilio cha kumwita mama yake, na ukuta wa jirani ukaitika, na wa pili, na wanawake wakaanza kuingia wakiwa wamejishika vichwa. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Hajafa! Nilisema hajafika! Hajafika!" Lakini katika kilio nani husikiliza tofauti ya silabi? Mtu mmoja alikwisha kutandika mkeka.

Mwalimu alinisikia. Alinishika mabega yote mawili. "Ulisema nini jana darasani? Rudia."

Nikarudia. Akaniangalia mdomo, si macho. Niliona neno likigeuka usoni kwake, kisha akakaa chini pale pale kwenye maganda ya vitunguu, na sketi yake nzuri. Baadaye akatambaa mpaka kwa mama, akamweleza polepole kwamba hakuna habari, hakuna aliyeleta habari, lilikuwa kosa la masikio yake.

Mama akanyamaza. Akafuta pua. "Basi yuko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa baya kupita yote, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mwalimu alipiga ile namba kwa simu yake. Akapiga jirani. Haipatikani. Wanawake waliokuja kulia hawakuweza kuondoka, wala kuendelea kulia, wakabaki wamekaa kwenye mkeka na mikono mapajani. Wanafunzi wenzangu walijipanga ukutani. Hakuna aliyecheka, na ningetoa chochote wacheke. Nilikaa karibu na pipa la maji nikiziuma kucha, nikilirudia lile neno moyoni kwa r, r, r, kana kwamba nikilipatia sasa litakwenda kumtoa huko nilikompeleka.

Jua lilikuwa limeinama kwenye mawe ya mlimani aliposimama mtu mlangoni. Alikuwa na mfuko begani, viatu vina vumbi mpaka vifundoni, uso umechoka kwa foleni ya kivuko. Aliutazama mkeka, akawatazama wanawake, akatazama sare za shule. Nikaona hofu ikimwingia baba yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameogopa kitu.

"Nani amefaliki?" akauliza.

Akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, huku macho yake yakitafuta watoto wake mmoja mmoja.

Mama aliinuka. Akamwendea, akamgusa uso, akamgusa masikio, kifua, akaushika mkono wake akaunusa. Wanawake wakaanza kumshukuru Mungu, na mwalimu akawa analia waziwazi. Nilingoja mama anipige. Nilitaka anipige, ili liishe.

Akaja. Aliinama mbele yangu, akanifunika mdomo kwa kiganja, taratibu, kama anayezuia neno lisitoke, akakishikilia hapo muda mrefu. Kiganja kilinuka vitunguu. Nilimtazama machoni nikitafuta hasira, sikuiona. Mama yangu alikuwa ananiogopa.