Mfuko Mmoja Kati ya Ishirini

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, maana hakai. Aliuza mitumba akaacha, akafuga sungura akaacha, akajifunza kuchomelea vyuma mpaka macho yakamwasha, akaacha. Uyoga ndio uliomshika. Dada yake mkubwa alimpa chumba kimoja cha uani, akaning'iniza mifuko ya maranda gizani, akawa anachungulia kila saa utadhani uyoga utatoroka.

Mavuno yalikuwa ya kusuasua. Basi akaanza kuchanganya maranda na vitu vingine: mfuko huu magunzi, huu majivu, huu pumba, huu machicha ya kahawa, mpaka ikafika mifuko ishirini, kila mmoja na lake. Ule wa machicha ukafumuka uyoga mpana kama masikio ya tembo. Kiguu akatoka mbio, peku, mpaka kwa dada.

"Dada, nimepata, naapa! Nipe na chumba cha pili nijaze machicha matupu."

Chumba cha pili alipanga fundi cherehani na wanawe watatu. Dada naye akapagawa, akampa fundi miezi miwili ahame.

Jioni fundi akamfuata Kiguu, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Kaka, ulijaribu mifuko ishirini?"

"Ishirini."

"Haya, tuite watu ishirini hapa, kila mtu arushe sarafu mara tatu. Hatakosekana wa kupata kichwa mara zote tatu. Utamwita mganga?"

"Unasema hivyo kwa sababu unatetea chumba."

"Natetea, ndiyo. Nina watoto mimi. Lakini niambie, zamani ulipoweka maranda matupu kila mfuko, ilizaa sawa?"

Kiguu akaikumbuka mifuko ile ya mwanzo. Haikuzaa sawa. Siku zote ulikuwepo mmoja wa kuwapiku wenzake, na hakuna aliyejua kwa nini.

Maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba. Angejaribu machicha peke yake yakang'ara, hapo sawa. Lakini yeye alitega mitego ishirini, halafu anashangaa mmoja kunasa!

Akajaza upya: mifuko kumi machicha, kumi maranda, akaichanganya kwenye kamba. Dada akawa anapima mavuno bila kuambiwa upi ni upi. Kusubiri nusura kumuue. Alifagia ua uliokwisha fagiwa, akapaka rangi mlango, akaurudia.

Mavuno yalipokwisha, ngoma droo. Machicha hayakuzidi kitu.

"Si uliapa wewe?" dada akafoka.

"Niliapia mfuko mmoja, dada. Ulikuwa bahati tu."

"Na mimi nimeshamfukuza mtu! Nenda kamwambie mwenyewe. Mdomo ulioanza ndio umalize."

Akamkuta fundi anafungua cherehani kutoka mezani, watoto wamekalia mafurushi.

"Fundi, baki."

"Machicha yamekataa?"

"Yamekataa."

Fundi akashusha pumzi ndefu, akakaa chini palepale. Kisha akanyoosha mkono. "Shika huku basi, turudishe hii mashine."

Kiguu akashika, macho yake yakihangaika sakafuni.

"Hivi fundi, haya mabaki ya vitambaa vya pamba unayatupaga wapi?"

"Yachukue yote, ndugu yangu. Chumba changu tu ndio usikitazame."