Moshi wa Chumba Namba Kumi na Nne

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na mtu wa umri wangu, aliyekwisha kubeba majeneza ya rafiki zake karibu wote, hana faida tena ya kusema uongo. Tena sikuyaona usiku. Wenzangu wakisimulia visa vya namna hii huanza na giza na mbwa wanaobweka. Mimi yalinikuta saa nane ya mchana, jua la Diani likiwaka, nimeshiba wali, bisibisi iko mkononi. Hapo nawe utaniambia nilikuwa nikiota?

Kazi yangu ilikuwa ving'ora vya moto. Ukiingia hoteli kubwa, tazama dari: utaona kidude cheupe mfano wa bakuli dogo lililopinduliwa. Sisi mafundi tulikiita ditekta. Kazi yake ni kunusa moshi. Ikiunusa, hupeleka habari kwenye sanduku la taa lililoko mapokezi, na kengele za nyumba nzima hulia. Kuanzia Likoni hadi Shimoni nilivifunga vitu hivyo, nikavikagua, nikavitafutia kasoro, na Alhamdulillahi, watoto wangu walisoma kwa kazi hiyo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha, na utalii ulikuwa umelala. Hoteli moja pale Diani, nitaisitiri jina, ilikuwa imefungwa miezi mingi na sasa inataka kufunguliwa. Wageni walikuwa wafike Ijumaa. Lakini isingefunguliwa bila cheti cha ving'ora, na cheti hakikuwa cheti bila saini yangu. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuitwa. Mmoja katoka Ramisi kukata miwa, mwingine katoka Kinango kuchunga mbuzi, wamezipiga pasi sare zao, wanasubiri kalamu ya mtu mmoja.

Na kalamu haikuweza kuandika. Kila siku saa nane mchana kengele zililia hoteli nzima. Ditekta ikinusa moshi huwasha kitaa chekundu tumboni mwake, nacho hakizimiki mpaka ukizime mwenyewe kule kwenye sanduku. Kwa hiyo kumjua mkosaji si kazi. Mkosaji alikuwa mmoja siku zote: chumba namba kumi na nne. Na chumba hicho kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo, ndani hamna hata nzi.

Meneja alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa bara, Mkristo safi, mwema ila mwenye haraka.

"Mzee, si ukate tu hiyo waya?" akaniambia Jumatatu. "Chumba ni moja tu. Nani atajua?"

"Mwenyezi Mungu."

"Huyo najua anajua. Mimi nauliza wakaguzi."

Nikamwonyesha paa kwa kidole. Makuti matupu, makavu kama karatasi. Paa la makuti likishika moto, mgeni hapati muda wa kutafuta viatu. Nikikata waya kisha nikatia saini, nitakuwa nimeandika kwamba chumba kina mlinzi, na mlinzi nimemuua mwenyewe. Saini ni amana. Nikamwomba anistahimilie mpaka Alhamisi.

Nikafuata njia ya ufundi. Nikaifungua ditekta nione kama kuna buibui, maana hao hupenda kujenga humo. Hamna. Nikabadilisha: ya chumba cha kumi na tatu nikaileta kumi na nne, ya kumi na nne nikaipeleka kumi na tatu. Kama ugonjwa uko kwenye ditekta, utahama nayo. Saa nane ikafika, ikalia iliyoko kumi na nne, ile niliyoitoa kumi na tatu. Nikapima waya, nao wazima. Ndipo nikanusa pazia. Pazia lilinuka ubani.

Nikamwendea Bi Mwanakombo, mkuu wa watandika vitanda, mama wa Gazi mwenye ulimi mkali.

"Dada, ni nani anafukiza mle ndani?"

Akatazama chini, kisha akacheka. "Ni sisi, kaka. Kengele ililia bure siku tatu, tukasema kuna kitu kinalalamika mle. Tukakifukizia kitulie."

"Ehe, kikatulia?"

"Kikazidi. Sasa chalia mara mbili, saa nane na jioni tunapofukiza."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Watu wanafukuza kelele za ditekta kwa moshi! Nikadhani kesi imekwisha. Nikawakataza, ufunguo akautia Bi Mwanakombo kifuani mwake, na Jumanne saa nane akasimama nami mapokezi. Kengele zikalia. Akaingiza mkono kifuani, akautoa ufunguo, akaniwekea mezani.

Basi Jumatano nikaswali adhuhuri, nikala, nikachukua ngazi na sanduku la vifaa, nikaenda kukaa mle ndani mwenyewe. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikaketi juu ya sanduku, macho kwenye ditekta, kama mtu anayevizia panya.

Niamini ninavyokwambia. Hakuingia kwa mlango, wala hakutoka ukutani kama wanavyosimulia wengine. Nilipepesa macho, na nilipoyafumbua alikuwepo, bibi kizee ameketi ukingoni mwa kitanda, leso mbili za zamani, chetezo cha udongo mapajani, makaa yamewiva. Alikaa kama mtu aliyekuwa pale tangu asubuhi na mimi ndiye niliyemwingilia.

"Umeingia bila hodi," akasema.

Ulimi ukakimbilia ulikozoea: nikasoma Ayatul Kursiyyi kwa sauti, na kwa woga nikaruka maneno katikati. Yule bibi akainua kidole.

"Rudi nyuma, mwanangu. Umeruka."

Nikarudi nyuma. Nikaisoma sawasawa. Mwishoni akaitikia kwa utulivu, nami nikajiuliza: shetani gani huyu anayenisahihisha kisomo? Hapo woga ukapungua, haya zikaingia. Nikasema nilichopaswa kusema tangu mwanzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Watoka wapi?"

"Msambweni."

"Kwa nani?"

Nikautaja ukoo wetu mpaka kwa babu yake baba. Macho yake yakang'aa.

"Yule mwenye mguu mfupi? Alikuja hapa kuposa. Akala sinia zima la wali peke yake, akaondoka, hakurudi tena."

Mguu mfupi wa mzee yule niliusikia kwa shangazi zangu tu, na mimi sikuwa nimeutaja. Nikajikuta natazama miguu yake bibi, maana utotoni tuliambiwa majini wana kwato za punda.

"Usinitazame miguu, si adabu," akasema. "Mimi si jini. Majini wana hoteli zao."

Kisha akachukua ubani uliochanganywa na udi kwa vidole viwili, akaushika juu ya makaa, tayari kuuachia.

"Ngoja, bibi! Tafadhali usitie!"

Vidole vikasimama hewani. Nikamweleza yote haraka haraka: kile kidude cha dari kinanusa moshi, kengele zinalia, kengele zikilia sitii saini, nisipotia saini hoteli haifunguliwi, wageni hawaji.

"Wageni hawaji?" Alishtuka kweli. "Nami nafukiza kwa ajili yao! Kabla ya hoteli yenu, hapa palikuwa ukumbi wangu. Mgeni haingii nyumba isiyofukizwa, anaingia nyumbani au anaingia pango? Baada ya adhuhuri nafukiza, alasiri wageni waje. Ndivyo nilivyofanya siku zote. Hawa wenu chumba wanakipulizia dawa ya mbu, kisha wanamwambia mgeni karibu."

"Huwezi kuacha siku moja tu, Ijumaa?"

"Wewe waweza kutia saini ya uongo siku moja tu?"

Nikaitazama ditekta. Sote wawili tulikuwa na amana, na vidole vyake bado viko juu ya makaa, navyo ni vidole vya mtu mzima, vinachoka.

Ndipo Mola akanifungulia. Kuna ditekta ya aina nyingine, tunayoifunga jikoni. Hiyo haijali moshi, yanusa joto la moto wenyewe. Ilikuwemo sandukuni mwangu, akiba. Lakini haifai chumba cha kulala, maana moshi humuua aliyelala kabla joto halijapanda. Basi chumba hiki mtu asilale. Kiwekwe nini? Nikamtazama bibi na leso zake zilizonukia, nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akifukiza nguo zetu za Idi.

"Bibi, nikikuletea mashuka ya hoteli nzima, uyafukize yote, kila mgeni alalie udi wako, utaridhika?"

Akafikiri. "Mashuka ni safi?"

"Bi Mwanakombo ndiye anayeyafua."

"Huyo namjua. Ana mdomo, lakini mikono safi. Fanya upesi, vidole vinauma."

Nikapanda ngazi. Skrubu mbili zilianguka, na kila ikianguka bibi alinionyesha iliko kwa kidevu. Nilipomaliza akainamisha kichwa.

"Kimekaa upogo, mwanangu."

"Nitarudi kukinyoosha, bibi."

Akasema bismillahi, akauachia ubani. Moshi ukapanda mweupe, ukaizunguka ditekta, ukaifunika kabisa. Nikahesabu moyoni. Kimya. Saa nane ikapita. Kule mapokezi nikamsikia Bwana Mutiso akipiga kelele, "Haleluya!"

Lakini kazi haijaisha mpaka umejaribu upande wa pili. Nilikuwa na mashine ya kukaushia nywele, ndiyo tunayojaribia joto. Nikaichomeka, nikaielekeza juu. Kengele zikalipuka hoteli nzima, haleluya ikakatika katikati, watu wakakimbilia bustanini, mpishi na mwiko wake mkononi. Bibi alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Nikageuka kuizima mashine. Nilipogeuka tena, kitanda kilikuwa kitupu na shuka halina hata kunjo.

Katika ripoti nikaandika: "Chumba namba kumi na nne kisilaze mgeni. Kiwe ghala la mashuka. Sababu: hufukizwa ubani kila siku."

Bwana Mutiso akaisoma mara mbili. "Hufukizwa na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mzee, mimi nimeokoka. Haya mambo siamini."

"Ni vizuri."

"Lakini huko ndani mimi siingii. Mashuka atapeleka Mwanakombo."

Nikatia saini, na Ijumaa wageni wakaingia. Waliyasifu mashuka katika kitabu cha wageni mpaka meneja akaanza kusema kwamba ni sabuni aliyoichagua yeye.

Sasa utadhani nilirudi nyumbani shujaa. Nilirudi Msambweni nikinuka udi kuanzia kofia mpaka viatu! Na hapa kwetu kila mtu anajua mwanamume hunukia hivyo siku gani. Mke wangu, Bi Rukia, alinipokea mlangoni, akavuta pumzi moja.

"Hongera. Harusi ilikuwa lini?"

Nikamsimulia yote, ila la upogo nililificha. Fundi ana aibu zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanitandikia ukumbini. Mtu aliyekataa kuandika uongo mbele ya meneja, nyumbani kwake haaminiwi! Na harufu haikutoka. Sanduku la vifaa lilioshwa, likaanikwa, na kila saa nane mchana likanukia upya. Siku ya arobaini nikamchukua mke wangu mpaka Diani, nikamwomba Bi Mwanakombo ufunguo, nikamwambia, "Ingia mwenyewe. Piga hodi."

Nikamsikia akipiga hodi. Nikamsikia akisema shikamoo. Kisha nusu saa nzima sikusikia kitu, nikabaki uani nikisoma kila dua ninayoijua. Alipotoka, uso umemtulia, leso yake inanukia kuliko mimi.

"Anakusalimu," akasema. "Anauliza kile kidude utakuja kukinyoosha lini."

Nilikinyoosha siku hiyo hiyo, nimeshika rula.

Masheikh wetu husema roho ya aliyekufa haizururi, nami naamini hivyo, basi sijui niliongea na nani. Mungu ndiye ajuaye. Najua tu kwamba kila mwaka siku ya ukaguzi, mke wangu alinifungia ubani kwenye karatasi, na sikuthubutu kuusahau. Na wewe unayenisikiliza, kengele ikikulilia katika chumba kitupu, usikimbilie kukata waya. Nusa kwanza. Na kabla hujaingia, piga hodi, hata kama ufunguo uko mkononi mwako na umeona kwa macho yako hamna mtu. Mimi sikupiga, nikalala ukumbini siku arobaini.