Kidole Changu Ndani ya SKS

Nimetangatanga toka Tabora mpaka Johannesburg, lakini aibu hii niliivuna 2017 kwenye karakana ya bunduki, Jeppestown. Nilikuwa mfagiaji. Kila nilipoikumbuka Tanzania nilijisifu kwamba jeshini nililala nimekumbatia bunduki ya SKS, hadi bosi akaahidi kunipa kazi ya fundi.

Siku moja wateja wawili wenye SKS kuukuu za jeshi walibishana. Mmoja alisema yake haijawahi kugoma. Mwenzake akasema grisi ya zamani ikiganda ndani, bunduki hufyatuka yenyewe.

Bosi akanikabidhi moja. "Mwanajeshi, tuamulie."

Nikavuta komeo la bunduki kwa madaha, nikaingiza kidole kupapasa risasi, kama nilivyowaona wenzangu wakifanya kambini. Komeo likarudi likaking'ata. Nikaikumbuka ile grisi. Nikapiga magoti huku mtutu ukielekea darini, nikaanza kutoa shahada.

Papa Mukendi, mlinzi wetu Mkongo, akalivuta komeo taratibu.

"Yaya, kaka yangu, haina masasi hata moja. Kule jeshini walikupatia kazi gani?"

Bosi naye alikuwa akisubiri jibu.

"Jikoni," nikasema. "Nilikuwa nasonga ugali."