Video za Koleta wa Ghala la Asali

Koleta hakuomba kompyuta. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa kwenye ghala la chama cha wafuga nyuki, pale Kanyenye, na katika miaka hiyo yote hakuna ndoo ya asali iliyoingia bila yeye kuifunua, kuinusa na kuipima kiasi cha maji. Ukimpa asali akiwa amefumba macho atakuambia imetoka msitu gani, na ukibisha atakuuliza wewe umetoka wapi. Watu humwita mkali, na hawakosei.

Mwaka huo chama kilinunua mfumo wa kompyuta wa kusajili asali, maana mnunuzi wa nje alitaka kila ndoo ijulikane imetoka kwenye mizinga ya nani, msitu upi na siku gani. Pamoja na mfumo akaja mtaalamu wa kuufundisha, kijana aitwaye Modest, kutoka Dar es Salaam, shati limenyooka na maneno hayamwishi. Makarani saba wa vituo vya vijijini wakaitwa mjini kwa siku mbili. Modest akawasha projekta, akapitisha kurasa zilizojaa Kiingereza, akasema "simpo tu, wazee wangu" kila baada ya dakika mbili, na jioni ya siku ya pili hapakuwa na karani hata mmoja aliyeweza kusajili ndoo.

Mwalimu mwingine angejiuliza amekosea wapi. Modest alimwandikia barua mwenyekiti wa chama, mzee Mayala, kwamba makarani hao umri umewatupa mkono, na kwamba kabla ya msimu wa kurina asali kuanza mwezi wa sita, viti vyao wapewe vijana wenye diploma. Mwenyekiti aliisoma barua hiyo kikaoni kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

Koleta alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Damu ilimchemka. Gerson wa Ulyankulu, aliyefika huko mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake wakikimbia kutoka Burundi, alikuwa akipokea asali tangu Modest hajazaliwa. Bernadeta wa Kwihara alikuwa amesomesha watoto watano kwa kiti kile kile kinachotakwa leo. Tena watu wa njia hii ya zamani ya misafara wamebeba mizigo hadi pwani na kurudi kwa miguu yao, halafu aje mtu na projekta aseme hawafundishiki? Koleta akasimama.

"Mwenyekiti, nipe wiki tatu. Nitawafundisha mimi."

"Utawafikiaje?" mzee Mayala akauliza. "Mvua hizi, barabara ya Ulyankulu haipitiki."

"Kwa video. Nitarekodi kioo cha kompyuta nikiwa nafanya kazi, nao wataangalia kwenye simu, waige."

Modest akatabasamu. "Mama, kwa heshima zote, kuhariri video ni fani ya watu."

"Hata kupokea asali ni fani ya watu, mwanangu, na wewe umekuja kuifuta kwa siku mbili."

Kikao kikaangua kicheko. Mwenyekiti akatoa wiki tatu. Zikiisha, kila karani atakuja kusajili ndoo kumi mbele ya kamati, na atakayeshindwa ataiaga kazi.

Mfumo wenyewe Koleta alikuwa ameshaujua kwa kuhangaika nao kila jioni kwenye kompyuta ya ghala. Kusema kweli, kuhariri video ndiko hakujua. Alichojua ni kwamba binti yake Jenifa alikuwa akikatakata video za kwaya kwenye simu, na kama Jenifa anaweza, basi aliyemzaa ataweza. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapakua programu mbili za bure, moja ya kurekodi kioo na nyingine ya kuhariri, akaanza.

Video ya kwanza ilikuwa dakika kumi na nne za mshale unaotembea kwenye kioo pasipo sauti, kwa kuwa hakuwa amewasha kipaza sauti. Ya pili ilikuwa na sauti, ila ni ya mashine ya kusaga ya jirani. Ya tatu iliharibiwa na mvua juu ya bati. Akahamia ndani ya ghala saa kumi na mbili asubuhi, kabla mashine haijawashwa, akatundika mablanketi kati ya rundo moja la ndoo na jingine, akajifungia humo.

Kuhariri ndiko kulikomtoa jasho. Chini ya kioo palikuwa na utepe mrefu mfano wa ule wa fundi cherehani, picha juu, sauti chini. Akikata hapa, sauti inateleza kule, na anajisikia akisema "bonyeza hifadhi" huku mshale unabonyeza futa. Siku moja alilia, kwa hasira wala si kwa huzuni. Alijifuta machozi kwa kanga, akaurudia mkato ule ule mpaka ukakaa.

Mwisho wa wiki ya kwanza aligundua kitufe kinachoondoa vimya vyote kati ya maneno kwa mkupuo mmoja. Akakibonyeza. Video ya dakika kumi na moja ikawa ya dakika nne, maneno yanafuatana bila pengo, kama ya watangazaji wa mpira. Alifurahi mno. Akaituma kwa makarani wote saba, akakaa kusubiri sifa.

Gerson ndiye aliyepiga simu kwanza. "Dada Koleta, unakimbizwa na nani?"

"Kivipi, kaka?"

"Umenisalimia, sijamaliza kuitikia umeshafungua ukurasa. Umesema niandike jina la mwenye asali, nageukia kompyuta, wewe umeshafika kwenye uzito. Mbona tukiwa kazini huwa hunifanyii hivyo?"

"Irudishe nyuma basi," Koleta akajibu, amenuna. Lakini Bernadeta naye akapiga akasema vilevile, na baada yake wengine watatu. Kufikia mchana Koleta alikuwa hapokei tena simu.

Alasiri akaja mfuga nyuki mmoja, Masanja, na ndoo yake ya mwisho ya msimu uliopita. Koleta akaiweka kwenye mizani, akasoma kwa sauti, "Kilo ishirini na tano."

"Ishirini na tano," Masanja akaitikia, na Koleta akaandika.

"Maji, asilimia kumi na nane."

"Kumi na nane."

Mkono wa Koleta ukasimama hewani. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, mjini na vijijini. Mpokeaji husoma, mwenye asali huitikia, ndipo kinaandikwa. Mwenye asali akinyamaza, mpokeaji naye hungoja. Akibisha, wanapima upya. Hakuna namba iliyoingia kitabuni bila kuitikiwa, na yeye Koleta, kwa kitufe kimoja, alikuwa amewakata makarani zamu yao yote ya kusema. Aliona aibu, akaanza upya siku hiyo hiyo.

Safari hii alitengeneza video tisa fupi. Baada ya kila hatua alisema, "Sasa soma kwa sauti ulichoandika, ujiitikie," kisha akaigandisha picha na kuacha kimya cha pumzi sita nzima. Baada ya salamu pia aliacha kimya, maana mtu mzima hasalimiwi kwa kupitwa.

Modest akaziona. Akapita ghalani. "Shikamoo, mama. Umejitahidi kweli. Ila hivi vimya ni kosa la wanaoanza. Mtu atadhani bando limeisha."

"Marahaba. Hapo ni zamu yao kusema."

"Kusema na nani? Video haisikii, mama."

"Wao wanajisikia. Kimya hakitoki."

"Video zina jina la chama. Watu watatucheka."

"Wacheke. Mimi sifundishi wanaocheka."

Wiki ya tatu ikaisha. Makarani wakafika na matope hadi magotini. Modest akamgawia kila mmoja karatasi yenye taarifa za ndoo kumi, kamati ikakaa mbele, na papo hapo chumba kikajaa minong'ono: jina la nani, msitu upi, kilo ngapi.

"Wazee, mtihani ni kimya," Modest akasema.

Koleta hakungoja kuruhusiwa. "Mwenyekiti, kazi yenyewe inafanywa kwa kusema. Ukiwanyamazisha unapima nini?"

Mzee Mayala akapunga mkono kwamba waachwe.

Walipomaliza, Modest alipita kompyuta moja baada ya nyingine. Uso wake ulizidi kuchangamka kadiri alivyosogea. "Mwenyekiti, kila mmoja amesajili ndoo tisa. Wote wameiruka ndoo ya saba. Hakuna aliyefaulu, na inaonekana wametazamiana."

Wiki tatu zote, jamani, na watu saba wanarudishwa nyumbani mbele ya macho ya Koleta.

Gerson akainuka taratibu. "Hatukuiruka. Imeandikwa maji asilimia ishirini na saba. Nimeisoma kwa sauti, nikajiitikia kwamba siipokei."

"Hiyo itachacha njiani, kabla haijafika Itigi," Bernadeta akadakia, "na ukiimimina kwenye pipa inaharibu pipa zima."

Makarani wengine wakaitika kwa vichwa. Mzee Mayala, aliyekuwa na mizinga kabla ya kuwa na cheo, akaivuta karatasi, akavaa miwani, akaisoma namba ile.

"Kijana, hii ishirini na saba umeitoa wapi?"

"Ni mfano tu, mzee. Nilijaza namba yoyote."

"Na hao wa diploma, wangeisajili?"

Tumpe Modest haki yake, hakudanganya. "Wangeisajili, mzee. Zote kumi."

Mwenyekiti akamrudishia karatasi, akawaambia makarani warudi vituoni kwao, msimu umekaribia. Viti vikasukumwa, watu wakasimama. Modest akamfuata Koleta hadi mlangoni, na safari hii hakutabasamu.

"Mama, ni video ipi uliyowafundisha kuikataa ndoo? Mimi sikuiona."

"Haipo," Koleta akasema. "Kukataa walikuja nako. Mimi niliwaachia nafasi ya kusema."