Mpaka Uliopindwa Nyakach

Absalom alikuwa mtu wa kusikilizwa pale ufukweni Nyakach. Alilima sukuma wiki karibu na ziwa, aliongoza kwaya kanisani, na mwaka wa tisini na nne, wanakijiji walipoambiwa waunde kamati ya wanyamapori, walimfanya mwenyekiti bila ubishi.

Mpango wenyewe aliuamini. Badala ya kuita askari wawapige risasi viboko wa ziwani kila walipokula mahindi, kijiji kingewaachia ukanda wa kupita kutoka majini hadi malishoni. Wageni wangekuja kuwatazama kwa mashua, na mapato yangejenga zahanati. Wenye mashamba nje ya ukanda wangezungushia yao ua wa miiba.

Siku ya kupigilia vigingi Absalom alitangulia, na Dalmas, katibu wake, akafuata na nyundo. Njia ya viboko ilionekana wazi, imekanyagwa miaka mingi. Ilipita katikati ya sukuma wiki za Absalom.

"Hapa tupinde kidogo," alisema. "Chini kuna mawe, kigingi hakitashika."

Dalmas aliutazama udongo, mweusi na laini. Akamtazama mwenyekiti wake. Akapinda.

Basi mpaka ukalikwepa shamba la Absalom, ukamega la jirani yake Rosa, mjane. Mahindi aliyobaki nayo yakawa mlangoni pa viboko. Absalom aliharakisha ua wake. Rosa alikuwa bado anakata miiba.

Asubuhi moja Rosa alienda kuangalia mahindi. Kiboko jike aliyechelewa kurudi majini na mtoto wake alikuta njia aliyoizoea imezibwa na ua wa Absalom, akageuka kwa hasira. Rosa alikuwa mbele yake. Kiboko alimuuma paja na kuvunja mfupa.

Absalom ndiye aliyefika wa kwanza aliposikia mayowe. Alimfunga jeraha kwa shati lake, akambeba hadi barabarani, akampeleka hospitali Kisumu. Kijiji kizima kilimsifu. Kila aliposifiwa alitafuta kazi ya kufanya kwingine.

Rosa alirudi akitembea kwa mkongojo, na chifu akaitisha baraza. Watu walifoka: kiboko auawe, na mpango ufe naye. Absalom angeweza kunyamaza. Badala yake akasimama.

"Msimuue. Kosa si lake, wala si la mpango. Niliupinda mpaka ili niokoe sukuma wiki zangu. Hakukuwa na mawe."

Dalmas aliinamisha kichwa. Rosa, aliyeketi mbele, akamuuliza Absalom polepole, akimwita kwa jina la binti yake, "Baba Apiyo, siku ile ulinibeba ukijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na ukaja hospitali, ukashika mkono wangu, tukaomba pamoja?"

"Ndiyo."

Rosa akauvuta mkongojo wake karibu.

Walimvua uenyekiti palepale. Kesho yake aling'oa ua kwa mikono yake, akaliacha shamba liwe njia, na kipande kingine cha ardhi alichokuwa nacho kule juu, mbali na ziwa, akampa Rosa. Kiboko hakuuawa. Wageni walikuja wachache, na zahanati ikaishia kwenye lenta, kuta bila paa.

Rosa alilikubali shamba. Salamu za Absalom hakuzikubali. Kila msimu Absalom alikuja kumlimia, naye Rosa alimwekea uji kando ya shamba, kisha akaingia ndani na kufunga mlango kabla Absalom hajafika kuunywa.